Inesha ya Vitu Vinavyozunguka

Umekwisha kujifunza kwamba kitu kilichotulia hakianzi kwenda mpaka kisukumwe, na kitu kinachokwenda hakisimami mpaka kizuiwe. Tabia hiyo huitwa inesha. Mkokoteni uliojaa mchanga una inesha kubwa. Ni mgumu kuuanzisha na ni mgumu kuusimamisha. Sasa tutazame vitu vinavyozunguka.

Jaribio

Vifaa: Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa nusu mita hivi, na mabonge mawili ya udongo wa mfinyanzi yenye uzito sawa.

Njia:
1. Shika fimbo katikati. Bandika bonge moja kila upande, karibu na mkono wako.
2. Zungusha fimbo upesi kushoto na kulia.
3. Sogeza mabonge hadi kwenye ncha za fimbo, kisha uizungushe tena vilevile.

Je, uzito wa fimbo na mabonge umebadilika? Ni mara ipi mkono wako ulipata taabu zaidi?

Bila shaka umeona kwamba mara ya pili kazi ilikuwa ngumu zaidi, ingawa uzito ni uleule. Kwa hiyo, inesha ya kitu kinachozunguka hutegemea uzito wake, na pia hutegemea uzito huo uko umbali gani kutoka katikati.

Pikipiki za mbio fupi

Katika Marekani na Uingereza kuna mbio za pikipiki za umbali wa robo maili, yaani mita 402 hivi, katika njia iliyonyooka. Pikipiki huanza ikiwa imesimama kabisa, na mbio huisha baada ya sekunde chache tu. Katika miaka ya 1950 na 1960, Mwingereza George Brown alijulikana sana kwa pikipiki yake iliyoitwa Nero, yenye injini ya Vincent ya silinda mbili. Hata leo wapo mafundi wanaounda pikipiki za mtindo wa zamani kwa ajili ya mbio hizo.

Fundi hutaka pikipiki yake iwe nyepesi. Apunguze uzito wapi kwanza? Chuma cha fremu huenda mbele tu. Lakini ukingo wa gurudumu huenda mbele na papo hapo huzunguka. Kilo 1 iliyo ukingoni huhitaji nishati karibu sawa na ya kilo 2 zilizo kwenye fremu ili kufikia mwendo uleule. Kwa hiyo fundi hodari huanza na magurudumu.

Flaiwili

Ndani ya injini ya namna hiyo kuna sahani nzito za chuma ziitwazo flaiwili. Pistoni husukuma kwa vipindi. Flaiwili huendelea kuzunguka kati ya msukumo mmoja na mwingine. Flaiwili nyepesi huiwezesha injini kuongeza mzunguko upesi. Lakini flaiwili nzito huweka akiba ya nishati, na akiba hiyo husaidia wakati mwendeshaji anapoachia klachi ili aondoke. Flaiwili ikiwa nyepesi mno, injini yaweza kuzimika palepale penye mstari wa kuanzia.

Tena iko hatari. Flaiwili huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ikichongwa kupita kiasi, au ikiwa na ufa, yaweza kupasuka na vipande vyake kumjeruhi au kumwua mwendeshaji. Fundi mwema hapunguzi uzito kwa kuharibu uimara.

Kumbuka: Uzito ulio mbali na katikati ni mgumu zaidi kuuzungusha, na pia ni mgumu zaidi kuusimamisha.

Maswali
1. Inesha ni nini?
2. Kwa nini fundi hupunguza uzito wa ukingo wa gurudumu kabla ya uzito wa fremu?
3. Taja faida moja na hasara moja ya flaiwili nyepesi.
4. Mfinyanzi anayezungusha gurudumu lake kwa mguu hupenda gurudumu zito. Eleza sababu.