SOMO LA WIKI: Kiungo huuzwa kwa miaka iliyobaki

Kwenye ukurasa wa bei, neno kiungo humpeleka msomaji kwenye iliki na karafuu. Kiungo wa wiki hii ni yule achezaye katikati ya uwanja. Bei yake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mfanyabiashara wa Mkwaja, kusini mwa Pangani, anazijua tayari.

Mtu akikodi minazi kwa miaka 4 hanunui mnazi. Ananunua haki ya kuangua nazi kwa miaka hiyo, basi. Ikibaki miaka 2 au 3 anaweza kumwuzia mwenzake haki hiyo kwa faida nzuri. Ukibaki mwaka 1, hata kama minazi inazaa kuliko mwanzo, mnunuzi atajiuliza kwa nini asisubiri muda uishe aende moja kwa moja kwa mwenye shamba. Klabu za soka nazo hazinunui mtu. Zinanunua mkataba, na mkataba unaisha.

Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki ni wa Victor Wanyama, Mkenya aliyezaliwa Juni 1991. Alilelewa Nairobi, akapita kituo cha vijana cha JMJ, Nairobi City Stars na AFC Leopards, kisha akaenda Helsingborg ya Uswidi na baadaye Beerschot ya Ubelgiji. Mwaka 2011 Celtic ya Uskoti ilimchukua kwa mkataba wa miaka 4 na ada iliyotajwa kuwa pauni 900,000. Novemba 2012 aliifunga Barcelona kwa kichwa katika Ligi ya Mabingwa, Celtic ikashinda 2-1. Kwa lugha ya soko, siku hiyo bidhaa iliwekwa mezani mbele ya wanunuzi wote wa Ulaya.

Julai 2013 Southampton ya Uingereza ililipa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Celtic ilikuwa imemtumia miaka 2 na bado alikuwa na miaka 2 ya mkataba, yaani muuzaji hakuwa na haraka.

Miaka 3 baadaye, Juni 2016, Wanyama alikwenda Tottenham kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 11. Alikuwa na umri wa miaka 24, na uzoefu wa misimu 3 ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa nini bei ikashuka? Mkataba wake wa miaka 4 ulikuwa umebaki mwaka 1. Southampton ingekataa, mwaka uliofuata angeondoka bure.

Mwekezaji mdogo ataona hapo hasara ya milioni 1.5. Vitabu vya hesabu husema vingine. Klabu hugawa ada ya kumnunua mchezaji kwa miaka ya mkataba: milioni 12.5 kwa miaka 4 ni pauni milioni 3.125 kila mwaka. Baada ya miaka 3, thamani iliyobaki vitabuni ni hiyo milioni 3.125. Ukiuza kwa milioni 11, faida ya vitabuni inakaribia milioni 7.9. Ndiyo maana klabu inaweza kuuza kwa bei ya chini kuliko iliyonunulia na mhasibu akatabasamu. Hata hivyo, fedha taslimu ni jambo jingine, na anayesoma taarifa ya faida bila kuangalia fedha zilizoingia atapotea njia, iwe klabu au kiwanda.

Tottenham haikupata bahati hiyo. Majeraha ya goti yalimpunguzia Wanyama mechi, na Machi 2020 alikwenda Montreal ya Kanada bila ada. Mkataba wa miaka 5 ulikuwa haujaisha; kwa hesabu ileile, karibu pauni milioni 3 zilikuwa hazijafutwa vitabuni. Mwaka 2025 alirudi Uskoti, kuichezea Dunfermline.

Nchini Tanzania nguvu ya mkataba ilionekana kwa kiungo Feisal Salum. Mwishoni mwa 2022 alijaribu kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kurudisha fedha. Kamati ya TFF ikaamua Januari 2023 kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam Juni 2023, baada ya klabu hizo mbili kukubaliana.

Na aliyepanda mnazi je? Kanuni za FIFA hukata asilimia 5 ya ada na kuwagawia waliomlea mchezaji kati ya siku ya kuzaliwa ya 12 na ya 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 una asilimia 0.5. Kwa pauni milioni 12.5, mwaka mmoja wa utotoni ni pauni 31,250. Lakini mauzo ya 2016 yalikuwa kati ya klabu mbili za Uingereza, na wakati huo kanuni iligusa uhamisho wa nchi hadi nchi tu. Tangu Julai 2020, mlezi aliye nchi nyingine anapata fungu lake hata klabu za nchi moja zikiuziana.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA, inayotegemea pasi ya mchezaji: orodha ya klabu alizosajiliwa, msimu kwa msimu. Timu ya mtaani isiyosajiliwa haimo katika orodha hiyo, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga pasi. Kwa klabu ya Mkwaja au Pangani yenye kijana wa miaka 13, gharama ni usajili wake na wa mchezaji, pamoja na tarehe ya kuzaliwa iliyo sawa katika kila fomu. Akija kuuzwa nje kwa ada ya shilingi bilioni 1, kila mwaka ulioandikwa kabla hajatimiza 16 una shilingi milioni 2.5, na kila mwaka wa baadaye una milioni 5.