Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Pima Kwanza



Huku kwetu Columbia, Maryland, katikati ya Baltimore na Washington, bila gari umekwisha. Mabasi yapo, ila ya kuhesabu, na usiku ndiyo usiseme. Wengi wetu tunaendesha mikweche, na baridi ikianza tu simu ni ile ile: "Kaka, gari haliwaki, betri imekufa." Kwa kuwa nasomea uhandisi, nimegeuka fundi wa bure. Lakini somo la leo sikulipata darasani.

Januari 2024 nilikuwa nampeleka mwenzetu uwanja wa ndege wa BWI, anawahi mazishi ya baba yake Bukoba. Ilikuwa usiku, taa, hita na waipa vyote vinafanya kazi. Tulipofika barabara namba 100 taa zikaanza kufifia, mara gari likazima. Ndege ikamwacha. Alifika nyumbani siku moja baada ya maziko. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Tena gari lilikuwa limetoka gereji! Betri mpya dola 140, alteneta mpya dola 430. Vyote vizima, na ugonjwa uko pale pale. Hakuna aliyepima vizuri, mimi mwenyewe nikiwemo.

Umeme unapitaje?

Betri kazi yake kubwa ni kuwasha injini. Injini ikishawaka, mkanda unazungusha alteneta. Alteneta inazalisha mkondo geu, daiodi zilizomo ndani zinaugeuza kuwa mkondo mnyoofu, na riguleta inazuia volti zisipite kiasi. Umeme huo unalisha gari zima na kurudisha kile betri ilichotoa. Ila usisahau: umeme huenda na kurudi. Njia ya kurudi ni bodi ya gari na waya wa hasi, na huo ndio watu wengi hawauangalii.

Hatua za kupima

Nunua mita ya kupimia volti, dola 20 inatosha. Vaa nguo isiyoning'inia, skafu weka pembeni, mikono mbali na mkanda, na usivute sigara karibu na betri.

1. Gari limezimwa, limepumzika saa kadhaa. Pima betri. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Betri iliyoisha siyo lazima iwe mbovu, pengine ina njaa tu. Ichaji kwanza ndipo uihukumu. Maduka mengi ya vipuri huku hupima betri bure.

2. Washa injini. Kwa magari mengi utaona kati ya volti 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi. Ikizidi 15, riguleta ina kasoro na betri itaungua. Baadhi ya magari mapya kompyuta hushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo usikate shauri kwa kipimo kimoja.

3. Washa taa kubwa, hita na feni. Volti zikiporomoka chini ya 13 na kubaki huko, kuna tatizo. Kagua mkanda (injini ikiwa imezimwa): umelegea au una nyufa? Kagua fyuzi na vichwa vya betri: kuna ungaunga mweupe au wa kijani?

4. Hapa ndipo ukweli unapojificha. Injini inanguruma, vyote bado vimewashwa, pima kutoka bolti kubwa ya nyuma ya alteneta hadi chanya ya betri. Halafu pima kutoka mwili wa alteneta hadi hasi ya betri. Kila upande usizidi sana volti 0.2. Kinachozidi kinapotea njiani.

Kwangu alteneta ilitoa 14.3. Upande wa chanya ulipoteza 0.1. Upande wa hasi ulipoteza 1.9! Betri ikabaki na 12.3. Nikafuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi: kutu tupu. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imeula. Waya mpya na msasa, dola 12. Na taa ya betri kwenye dashibodi? Haikuwaka hata siku moja, maana alteneta ilikuwa nzima.

Ya kuepuka

Ile mbinu ya mafundi wa nyumbani ya kuchomoa betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu alteneta", acheni kabisa. Volti zinaweza kuruka ghafla zikaua kompyuta ya gari. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Wenye Prius, gari lenu halina alteneta, na nyaya za rangi ya chungwa msiziguse.

Basi jamani, dakika 15 kabla theluji haijaanza. Mkifika fundini semeni: "Nipimie na njia ya kurudi." Akikataa kupima, ondokeni. Mita yangu iko kwenye buti, mwenye shida aniambie Jumamosi tukikutana. Hasa ukiwa na mtu wa kumpeleka uwanja wa ndege.