RSV na Uzushi wa Baridi

*Mwanangu alibanwa kifua Januari, jua likiwaka. Kwani RSV si ugonjwa wa baridi?*

Wengi mmeniuliza hili. Nalijibu mara moja. Ulaya RSV, virusi vya njia ya hewa, huja na majira ya baridi, nanyi mmeifanya hiyo kuwa sheria ya Kilifi, pwani ya Kenya. Tangu 2002, watoto wa chini ya miaka 5 wanaolazwa Hospitali ya Kaunti ya Kilifi kwa nimonia kali huchukuliwa kamasi, nayo maabara huitafuta RSV. Kwa kawaida wimbi huanza miezi ya mwisho ya mwaka na kupamba moto kaskazi ikivuma, watu wakilala madirisha wazi. Kipupwe kikifika, mnapowavika watoto sweta, limeshatulia. Virusi huletwa na watu. Mwaka 2009 hadi 2010 kaya 47 za huko zilifuatiliwa, wote wakipimwa kamasi hadi mara mbili kwa wiki. Mara nyingi aliyeingiza RSV nyumbani alikuwa mtoto mkubwa, hasa anayekwenda shule. Kwa hiyo acheni kumlaumu mama aliyemwogesha mtoto jioni.

*Maabara imepata wagonjwa 40, mwezi uliopita 20. Ni mlipuko?*

Wamepimwa wangapi? Wagonjwa 40 kati ya 400 ni asilimia 10. 20 kati ya 50 ni asilimia 40. Anayesambaza WhatsApp namba moja bila ya pili anatisha watu bure. Na kushuka nako hudanganya: madaktari wa Kenya walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016, waliolazwa hospitali za umma walipungua. Virusi havikugoma.

*Niweke antibiotiki nyumbani kabla ya msimu?*

Hapana. Haziui virusi.

*Nyanya yake anataka akatwe kilimi.*

Kilimi hakihusiki kabisa, na wembe ule huleta pepopunda. Mtoto akishindwa kunyonya, au mbavu zikibonyea anapopumua, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

*Kuujua msimu kunatusaidia nini?*

Kupanga. Chanjo ya wajawazito, ambayo WHO iliithibitisha Machi 2025, humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa, lakini kinga hiyo ni ya miezi michache tu. Wizara ya Afya ikitaka kuamua itolewe mwaka mzima au kwa msimu, itazame kwanza takwimu za maabara. Mitungi ya oksijeni nayo iagizwe Agosti. Januari wauguzi wameshaanza kuazimana.