Jinsi ya Kumpandia Kipepeo Chakula

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipogawa kazi za jarida, wenzangu waliwahi ngeli, methali na misemo. Mimi niliyechelewa nikaachiwa fungu ambalo hakuna aliyelitaka: somo la sayansi kwa Kiswahili, bila kuchanganya ndimi. Basi nimechagua jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na ambalo nusura linishinde, yaani kupanda mmea wa kutambaa ambao vipepeo huutagia mayai.

Kwanza tuelewane. Kipepeo aliyekomaa si mchaguzi sana; akipata ua lenye utamu hunywa akaenda zake. Lakini mtoto wake, kiwavi, hana uhuru huo. Kila aina ya kiwavi ina majani yake, na nje ya hayo ni njaa tu. Ukiona kiwavi kwenye mndimu kwenu, huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Ninayemzungumzia mimi ni yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mbawa zilizonyunyiziwa madoa meupe. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea ya jamii moja yenye utomvu mweupe kama maziwa. Mmoja wa mimea hiyo hutambaa juu ya vichaka vya nchi kavu, una majani yenye umbo la moyo, na matunda yake huota mawili mawili yakiwa na vimiba laini. Jina lake la kitaalamu ni Pergularia daemia. Katika kamusi za maktaba yetu sikulipata jina lake la Kiswahili, kwa hivyo chamani tuliuita mtambaamaziwa. Mwenye jina bora na alilete.

Mbegu zililetwa Januari 2024 na mwenzangu wa Kitui. Zilikuwa 36 katika bahasha ya barua, kila moja na manyoya yake meupe yang'aayo kama hariri, ambayo upepo huyatumia kuisafirisha. Alinipa mimi kwa sababu nilijigamba kwamba najua kulima. Mwalimu akaniamuru niwagawie wanachama. Niligawa 20, shingo upande. Mwisho wa foleni alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, mnyamavu, nikampa tatu zilizokuwa nyepesi kuliko zote. Sijivunii hilo.

Sasa kupanda. Ng'oa manyoya, loweka mbegu usiku mmoja, kisha zifukie kina kisichozidi nusu ya ukucha wa kidole gumba. Tumia mkebe mrefu au pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini, kwani mzizi wa mmea huu hupenda kwenda chini moja kwa moja na haufurahii kung'olewa ng'olewa. Mimi nilipanda katikati ya Februari, na mche wa kwanza ukatokeza siku ya 11. Kati ya mbegu zangu 16 ziliota tisa. Miche ilipopata majani sita nikaihamishia bustanini, mahali nilipopachagua kwa makini: bondeni karibu na bomba, penye udongo mweusi, nikaongeza samadi. Yule kijana wa kidato cha kwanza, kwa kuwa hakuachiwa nafasi, alipanda zake nyuma ya tangi la maji, kwenye mteremko wa mawe ambapo hata nyasi huota kwa kubembelezwa. Nilipita pale nikamcheka.

Mnakumbuka mvua za mwaka huo. Baada ya likizo ya Aprili shule hazikufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, hadi Mei 13. Niliporudi bustani yangu ilikuwa dimbwi. Miche mitano ilikuwa imeoza mizizi, minne ikabaki. Kosa lilikuwa langu. Mmea wa nchi kavu nimeupandia bondeni kama mpunga! Mpe udongo unaopitisha maji, mpe jua, mpe seng'enge au mti wa kukwea, kisha mwache. Samadi nyingi si upendo.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la vidukari, wadudu wadogo wa manjano wanaojazana kwenye ncha changa. Mwenzangu mmoja alikimbilia dawa ya kunyunyizia. Nikamshika mkono. Dawa imuuayo kidukari itamuua kiwavi pia, na shughuli yote itakuwa bure. Waminye kwa vidole au waoshe kwa maji. Halafu nawa kwa sabuni, tafadhali, na usijipanguse macho kabla ya hapo, maana utomvu ule ni sumu na huumiza macho vibaya.

Mwezi wa Juni kipepeo wa kwanza akaja. Darasa zima tulishangilia. Akazunguka, akapita, wala hakutua! Siku tatu mfululizo hivyo hivyo. Mwalimu wa Biolojia alipomwona alicheka sana. Kumbe huyo alikuwa mwigaji, jike la aina nyingine liitwalo Hypolimnas misippus, ambalo limevaa sare ya mwenzake. Kiwavi wetu hula utomvu wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata awapo kipepeo, kwa hivyo ndege aliyemwonja mara moja na kutapika hamrudii. Mwigaji hana sumu hiyo. Anajificha katika hofu ya ndege. Ukitaka kuwatofautisha, tazama ubawa wa nyuma: kipepeo wetu ana madoa madogo meusi matatu au manne karibu na katikati, mwigaji ana doa moja tu, ukingoni mwa mbele.

Wa kweli alikuja wiki iliyofuata. Hutaga yai moja moja, mara nyingi chini ya jani, yai jeupe dogo kama chembe ya chumvi. Nilihesabu mayai 14 kwenye miche yangu minne, ambayo ilinifika gotini tu. Nilipaswa kuyahesabu majani pia, lakini furaha haina hesabu.

Mayai yaliangua siku ya nne. Kiwavi huanza kwa kula ganda la yai lake, kisha jani. Ana mistari ya nyeusi, nyeupe na manjano, na pembe nyororo nyeusi jozi tatu mgongoni. Akishakua, kabla ya kula huukata mshipa wa jani ili maziwa yapungue, halafu hula taratibu kama mzee mwenye haki yake. Wenzangu bwenini waliuliza kama nafuga viwavijeshi wa kumaliza mahindi ya shule. Swali halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa viwavijeshi vamizi waliingia nchini mwaka 2017 na kuwaliza wakulima wengi. Ila wetu ukimtia shambani mwa mahindi atakufa njaa.

Na njaa ndiyo iliyofuata. Siku ya tisa miche yangu ilikuwa vijiti vitupu. Viwavi 14 walikuwa wakipanda na kushuka juu ya vijiti wakitafuta jani lisilokuwapo. Niliwapa sukuma wiki kutoka jikoni, wakaikanyaga na kupita. Niliwapa majani ya viazi vitamu, vivyo hivyo. Jioni ile wawili walikuwa chini, wamelegea. Mpenzi msomaji, mnyama uliyemwita mwenyewe akifa kwa sababu hukumwandalia, usiku huo hulali.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya tangi. Mtambaamaziwa wa yule kijana ulikuwa umefunika ukuta mzima. Mbegu mbili kati ya zile tatu nyepesi zilikuwa zimeota, na mawe yale yalikuwa yamepitisha maji yote ya mafuriko. Nilisimama nisijue pa kuanzia. Akaniambia tu, "Chukua, kaka. Ila usiumalize." Nilichukua majani kila asubuhi, yale ya zamani ya chini, huku ncha changa nikiziacha. Viwavi 11 wakaokoka.

Walipotimiza siku ya 16 tangu kuangua, waliacha kula, wakajining'iniza kichwa chini na kujivua ngozi, wakawa pupa. Hapa chama chetu kiligawanyika. Wengine walidai pupa ni haraka ya mlafi, kama tunavyosema mtu anakula kwa pupa, haliwezi kuwa jina la kitu kisichojongea. Mimi naona neno limekaa vyema. Mdudu amekula kwa pupa wiki mbili, sasa mpeni muda. Siku 12 alining'inia, kijani chenye vitone vya dhahabu, mpaka rangi za mbawa zikaonekana kupitia ganda. Akitoka, mbawa huwa zimekunjamana kama shati lililolaliwa. Usimsaidie, hata kama unaona anataabika. Huzijaza maji ya mwili hadi zinyooke, na ukizigusa umemlemaza.

Kuna wanaouliza faida. Huko Gede, Kaunti ya Kilifi, mradi uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima wanaopakana na msitu hupanda mimea ya viwavi, hulea, na kuuza pupa ambao husafirishwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mtu ambaye vipepeo wake wa mbegu hutoka msituni ana sababu ya kutotaka msitu ukatwe. Sisi hatujauza kitu. Nimeona vipepeo 11 wakiruka juu ya paa la bweni, na kwangu hiyo ilitosha kwa mwaka huo.

Januari 2025 matunda ya nyuma ya tangi yalipasuka. Kijana yule aliniletea bahasha: mbegu 60, zote nzito. Nilimpa tatu. Nilizihesabu mara mbili.

Bahasha hiyo sasa ni ya chama. Anayetaka mbegu aje maktabani Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, na kipande cha gazeti cha kufungia. Kila mtu tano, bila kujali kidato. Nitaandika jina lako na mahali utakapopanda, ili nikiishiwa na majani tena nijue pa kupiga hodi.