Gurudumu likilia asubuhi ya baridi

Huku Lubero na Masisi asubuhi ni baridi. Mbele ya kupakia viazi, musikilize magurudumu ya gari ya koperativi.

1. Linakwaruza mukikanyaga freni, kisha linanyamaza mukishafunga freni mara chache: ni kutu nyepesi ya umande. Si hatari.

2. Linavuma, sauti inapanda pamoja na mwendo, hata gari ikishapata moto: mara nyingi ni rulema, zile goroli za ndani, zimechakaa.

Namna ya kupima: muweke mawe kwenye magurudumu mengine, muinue hilo kwa kriki. Mulishike juu na chini, mulitikise. Likicheza, ao likisaga mukilizungusha, musipakie, muite fundi. Rulema ikivunjika njiani, gurudumu linaweza kuchomoka, na watu wamekaa juu ya mizigo.