Betri za Akiba Ndani ya Jengo: Maswali na Majibu

Volti 48 hazimpigi mtu. Hatari iko wapi?

Mtu mwenye mikono mikavu akigusa ncha za betri za volti 48 kwa kawaida hasikii kitu, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojisahau. Hatari ya betri iko kwenye ampea. Betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina ukinzani wa ndani wa miliomu chache tu. Spana ikiangukia ncha zake mbili kwa pamoja, ampea elfu kadhaa hupita papo hapo: chuma hugeuka chekundu, risasi ya ncha huyeyuka, na betri yenyewe inaweza kupasuka na kurusha asidi. Pete ya ndoa ikipiga shoti hiyo, kidole huungua vibaya sana. Kwa hiyo fundi makini huvua pete na saa kabla ya kufungua kifuniko, na mipini ya spana zake huwa imezungushiwa utepe wa umeme.

Isitoshe, betri haizimwi. Meni swichi ikishushwa, umeme wa TANESCO au Kenya Power hukatika, lakini ncha za betri hubaki na moto wake.

Kwa nini breka ya kawaida ya nyumbani haifai upande wa betri?

Umeme wa AC wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayoruka breka inapokata hufia hapo. Umeme wa DC hauna sifuri hiyo. Cheche ikishawaka huendelea, ikayeyusha breka kutoka ndani. Kinachotakiwa ni breka au fyuzi iliyoandikwa DC, yenye uwezo wa kukata shoti ya betri husika, na yenye volti zinazozidi zile za betri ikiwa imejaa, maana mfumo uitwao wa volti 48 hufika karibu 58 unapochajiwa. Breka nyingine za DC zina alama za chanya na hasi. Zikifungwa kinyume zinaweza kushindwa kukata siku zinapohitajika.

Fyuzi hukaa karibu na ncha ya betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kipande cha kebo kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kukaza nati za kebo. Inveta ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 100 kutoka betri za volti 48. Nati iliyolegea ikileta ukinzani wa miliomu 10 tu, mkondo huo huzalisha joto la wati 100 mahali pamoja: ni kama balbu ya zamani iliyofungiwa ndani ya kifuniko cha plastiki. Nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, kisha hukaguliwa tena baada ya mfumo kufanya kazi kwa muda.

Betri za asidi zinahitaji hewa kiasi gani?

Zinapochajiwa hutoa hidrojeni, na gesi hiyo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62485-2 kina hesabu yake. Betri 4 za kuongezwa maji, za volti 12 na ampea-saa 200, zilizounganishwa kupata volti 48, zinahitaji karibu mita za ujazo 4.8 za hewa kwa saa zinapochajiwa kwa nguvu. Kwa njia ya asili hilo hupatikana kwa matundu mawili, kila moja la takriban sentimita 12 kwa 12. La kuingizia hewa huwa chini, la kutolea huwa juu karibu na dari, kwa sababu hidrojeni ni nyepesi. Soketi, swichi na breka zikae angalau nusu mita kutoka vifuniko vya betri.

Za litiamu je, ziwekwe popote?

Hapana. Katika hali ya kawaida hazitoi gesi, lakini seli ikipata joto kupita kiasi au hitilafu ya ndani hutoa gesi zinazowaka, na joto lake huambukiza seli jirani. Aina ya fosfati ya chuma hustahimili zaidi, ila haina kinga kamili, na bodi ya BMS, inayosimamia seli za betri, haichukui nafasi ya fyuzi. Kanuni za NFPA 855 za Marekani hazikubali betri hizo chumba cha kulala, na hutaka nafasi ya futi 3, yaani karibu sentimita 90, kati ya kabati na kabati isipokuwa majaribio yamethibitisha kwamba pungufu yake ni salama. Chini ya ngazi pia si mahali pake, kwani ndiyo njia ya kukimbilia.

Nyutro na ethi zifungwe vipi?

Inveta ikifanya kazi peke yake, nyutro yake lazima iunganishwe na ethi, la sivyo kifaa cha RCD hakitakata umeme unapovuja. Muunganisho huo ufanywe na rilei ya inveta au chenjiova, kamwe si kwa waya wa kudumu. Chenjiova hiyo ndiyo pia inayozuia umeme kurudi barabarani: transfoma ya mtaa ikilishwa kinyume hupandisha volti hadi 11,000, na fundi aliye juu ya nguzo hana habari. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, ya EWURA nchini Tanzania au EPRA nchini Kenya.

Moto au moshi ukizuka?

Watu watoke, na mlango wa chumba cha betri usifunguliwe kwa pupa. Mwezi Aprili 2019 mjini Surprise, Arizona, gesi zilizojikusanya ndani ya kituo cha betri za litiamu zililipuka baada ya mlango kufunguliwa, zikawajeruhi wazimamoto. Betri iliyozimwa huweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye. Anayepiga simu zimamoto, ambayo Tanzania ni 114, aseme tangu mwanzo kwamba kuna betri, ni za aina gani, na ziko chumba kipi.