Shauri Kabla ya Jambo: Somo Juu ya Taka za Nuklia na Haki ya Kuulizwa



Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi wetu huliona la mbali, ilhali limekwisha kupiga hodi pwani yetu. Nalo ni hili: taka za nuklia zikitafutiwa mahali pa kuzikwa, ni nani apaswaye kuulizwa, na aulizwe lini? Tutalitazama kwa utaratibu. Kwanza tutaeleza taka hizo ni nini. Kisha tutakwenda Kericho na Bomet, nchi ya majani ya chai, tuone matokeo ya kuamua juu ya ardhi ya watu bila ya kuwauliza. Baadaye tutatazama walivyofanya mataifa mengine, na mwisho tutarejea kwetu.

1. TAKA HIZO NI NINI?

Kinu cha nuklia huchemsha maji kwa joto litokalo katika madini ya urani, na mvuke wake ndio uzungushao mitambo ya umeme. Urani ikisha kutumika hutolewa ingali na moto mkali, nayo hutoa mionzi isiyoonekana kwa jicho wala kunuswa kwa pua, lakini yaweza kuunguza mwili na kuleta saratani. Hutiwa kwanza katika mabirika ya maji miaka kadhaa ipate kupoa, kisha huwekwa katika makasha mazito ya chuma na saruji. Hapo sipo mwisho wake. Miongoni mwa vitu vilivyomo ni plutoni, ambayo nguvu yake hupungua nusu tu kila ipitapo miaka 24,000 hivi. Tangu Hijra mpaka leo haijatimia hata miaka 1,500. Ndiyo sababu wataalamu wengi wameona kuwa njia iliyo salama ni kuzizika chini sana, ndani ya mwamba.

Kenya haijawa na kinu cha namna hiyo. Taka za mionzi ilizo nazo ni zile za hospitali na viwanda, na pahali pa kuzihifadhi pamewekwa Oloolua, karibu na Ngong. Lakini nchi itakayo kinu yapasa ijue mapema taka zake zitalala wapi. Kwani anayeamua jambo hili leo huwaamulia na watu wasiozaliwa bado.

2. FUNZO LA KERICHO NA BOMET

Hatusemi kuwa taka za nuklia zimepelekwa Kericho. Twaitaja nchi ile kwa kuwa inatuonyesha waziwazi uamuzi mmoja uliopita bila ya shauri unavyoweza kudumu.

Wakipsigis walikuwa na baraza lao la ujirani liitwalo kokwet. Wazee hukaa pamoja, jambo la mji likaletwa mbele yao, likazungumzwa mpaka wakapatana. Basi njia ya kuwauliza watu wa nchi ile ilikuwako. Wala serikali ya kikoloni haikuhitaji kuibuni. Walakini ardhi nzuri ya milimani ilitwaliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yakajiweka juu yake. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa dini na wa mashauri, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934. Watu wake, wazee kwa watoto, wakahamishwa mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi iliyokuwa na mbung'o na malaria.

Je, jambo hilo lilikwisha? Halikwisha. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi wake juu ya malalamiko ya watu wa Kericho na Bomet, ikaona kuwa walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya madai yaliyotiwa saini na watu zaidi ya 100,000. Mwaka 2022 madai hayo yakapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hesabu mwenyewe: tangu 1934 mpaka 2022 ni miaka 88. Waliofukuzwa wengi wamekwisha kufa, na wajukuu ndio wanaodai.

Sasa pima. Shamba la chai laweza kung'olewa, ardhi ikarejeshwa, fidia ikalipwa. Na hata hivyo imekuwa taabu kubwa namna hii. Taka iliyozikwa chini ya mji haing'oleki kwa urahisi, wala fidia haiondoi mionzi. Basi ikiwa ardhi ya chai ilitaka shauri mara moja, ardhi ya kuzikia taka inalitaka mara kumi.

3. WALIVYOFANYA WENGINE

Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliamua kuwa mlima wa Yucca, katika jimbo la Nevada, ndio pekee utakaochunguzwa kwa ajili ya kuzika taka za nchi nzima. Wenyeji wakapinga. Mwaka 2002 gavana wa Nevada alikataa rasmi, na Bunge likalipindua katazo lake. Mabilioni ya dola yakatumika, na mpaka leo hapana hata kasha moja la taka hizo lililozikwa humo.

Ufini ilishika njia nyingine. Kwa sheria yao, serikali ya mtaa ina haki ya kukataa, na ikikataa jambo limekwisha. Mwaka 2000 baraza la Eurajoki lilikubali, na Bunge likathibitisha mwaka 2001. Kuchimba kulianza 2004, na mashimo yao yamefika kina cha mita 430 hivi. Huko Uswidi, watu wa Storuman mwaka 1995, na wa Malå mwaka 1997, walipigishwa kura wakakataa, na kampuni ya taka ikaondoka kwao kwa amani. Mji wa Östhammar ulizungumza nayo kwa miaka mingi, na mwaka 2020 baraza lake likakubali.

Tazama basi: walioharakisha wamechelewa, na waliouliza ndio waliofika. Tena jifunze kuwa haki ya kukataa haikuzuia jambo; ndiyo iliyowapa watu utulivu wa kusikiliza.

4. SHERIA YETU, NA YALIYOTOKEA PWANI

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, imehesabu kushirikishwa kwa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali iwashirikishe watu katika kuyatunza mazingira. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali. Na cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hakudhurika. Kanuni za 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini na katika redio, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa.

Sheria hiyo si maandishi matupu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, Lamu. Watu wa Lamu wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Moja katika sababu zake kubwa ni kuwa mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Ripoti ya madhara ilipokuwa tayari, wananchi hawakushauriwa juu yake ipasavyo.

Kisha likaja jambo la Uyombo, kijiji cha wavuvi huko Kilifi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko Sokoke, palipokusudiwa kujengwa kinu cha nuklia. Wanakijiji walilalamika kuwa hawakushauriwa sawasawa. Mwezi wa Mei 2024 walioandamana walipambana na polisi, na wengine wakaumizwa. Mwaka 2025 serikali ikaelekeza macho yake Siaya. Tusidhani kuwa jambo limetuepuka: popote kinu kitakapojengwa, urani iliyotumika itakaa hapo miaka mingi ikingoja kaburi lake.

5. SHAURI LA KWELI LINA MASHARTI

La kwanza, liwe kabla ya uamuzi. Neno letu "shauri" ni la mzizi mmoja na shura. Maana yake ni kutoa na kupokea rai. Anayeambiwa jambo lililokwisha kukatwa amepewa khabari, hakuulizwa shauri.

La pili, liwe kwa lugha ya wenyeji. Ripoti ya kurasa mia za Kiingereza cha wataalamu haimfai mchuma chai wa Bomet wala mvuvi wa Uyombo, mpaka ifasiriwe na kuelezwa.

La tatu, wote wasikizwe. Katika kokwet ya zamani waliokata neno ni wanaume. Leo Katiba haimbagui mwanamke, na yeye ndiye atekaye maji na kulea watoto.

La nne, "hapana" iwe jibu lenye uzito. Mwenye kuulizwa ilhali hawezi kukataa, huyo amechezewa.

La tano latuhusu sisi. Mwenye kuulizwa ana wajibu wa kujua. Kukubali kwa sababu ya posho ya mkutano ni khiyana, na kukataa kwa uvumi wa barazani si shauri. Tuombe ripoti, tuisome katika madarasa yetu, tuwaite wanaojua, kisha tuandike rai zetu kabla ya muda kwisha. Watu wa Lamu hawakushinda kwa kelele. Walishinda kwa kuijua sheria na kuishika.

Majuto ni mjukuu, na katika jambo hili mjukuu ndiye atakayelala juu ya taka.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini shauri la taka za nuklia halifanani na shauri la jengo la kawaida?
2. Watu wa Kericho na Bomet wangeliulizwa kwanza, ni taabu gani ingeliepukwa?
3. Ni nini tofauti ya kupewa khabari na kuulizwa shauri? Toa mfano wa Lamu.
4. Katika mtaa wako, ni nani ambao hawasikizwi mikutanoni, na watafikiwaje?